Naftalini inaisha kabatini, barafu kavu haiachi tone: kwa nini vitu vigumu vingine vinaruka moja kwa moja kuwa gesi

Chukua naftalini, zile punje nyeupe za duara zinazouzwa kwenye vipakti na watu wanaziweka kabatini nguo zisiliwe na nondo, zitupie kwenye droo leo halafu usizisumbue. Ukija kufungua miezi kadhaa baadaye utakuta zimepungua, zingine vimebaki vipande, zingine hakuna kitu kabisa, na nguo zenyewe ni kavu, hakuna doa wala unyevu. Sasa zimeenda wapi? Hazikuyeyuka maana zingelowesha nguo, na hakuna mdudu aliyezila. Zimeenda hewani. Ile harufu inayokupiga ukifungua mlango wa kabati ndo naftalini yenyewe ikiondoka, molekuli moja moja, kutoka ugumu mpaka gesi bila kupita kwenye majimaji.

Halafu kuna barafu kavu, ile wanayoitumbukiza kwenye maji ya moto kwenye kumbi za harusi ili bwana na bibi harusi wacheze katikati ya mawingu. Ile nayo ukiiacha tu mezani inaisha, meza inabaki kavu. (Na ule moshi mweupe siyo gesi ya barafu kavu, gesi yake haionekani kwa macho, unachoona ni vitone vidogo vya maji vilivyojikusanya hewani kwa sababu ya ubaridi wake.)

Shuleni haya yote tunaambiwa ni kitu kimoja kinaitwa sablimesheni, tunapewa orodha ya kukariri, ayodini, naftalini, amoniamu kloraidi, kafuri, barafu kavu, basi, swali la mtihani likija unataja mawili matatu unapata maksi zako. Shida ni kwamba mwanafunzi anatoka pale akiamini hivi ni vitu vya ajabu ambavyo havina hali ya kimiminika, yaani vimeumbwa hivyo. Siyo kweli. Karibu vyote kwenye ile orodha vinaweza kuwa kimiminika, na naftalini na barafu kavu wala hazifanyi kitu kimoja, zimewekwa kapu moja kwa sababu matokeo yanafanana kwa macho. Mimi naona hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa, kwa hiyo tuifungue taratibu.

Tuanze na kitu kigumu chenyewe. Ndani yake molekuli zimeshikana na kujipanga lakini hazijatulia, zinatetemeka muda wote, na hazitetemeki kwa nguvu sawa, kuna zenye nguvu kidogo na kuna chache ambazo kwa wakati fulani zimepata nguvu nyingi kuliko wenzao. Kama moja ya hizo chache iko juu kabisa kwenye uso, inaweza kukata ule mshiko na kutoka. Haihitaji ruhusa ya kuwa kimiminika kwanza. Hii inatokea kwa vitu vigumu vyote, tofauti ni kiasi tu. Kwenye chuma kwa joto la kawaida ni kidogo mno kiasi kwamba hutaona mabadiliko maisha yako yote, kwenye naftalini ni nyingi kiasi kwamba pua inazisikia.

Kiasi hicho kinategemea mshiko. Molekuli ya naftalini ni bapa, imejengwa kwa kaboni 10 na haidrojeni 8, haina upande wenye chaji ya kuivuta jirani yake, kwa hiyo zinashikana kwa nguvu dhaifu sana. Sukari ni kinyume, kila molekuli imeng'ang'ania majirani sehemu nyingi, ukiipasha ile joto inavunja molekuli yenyewe kabla haijaiachia iruke, ndo maana sukari inageuka kahawia na kuungua badala ya kupotea hewani. Chumvi ndo kabisa, ni chaji chanya na chaji hasi zimekamatana, hata ikiwa kwenye sufuria jikoni haiendi popote.

Sasa molekuli zikishatoka zinaweza pia kurudi. Fikiria daladala iliyojaa, kila kituo wanashuka watano wanapanda watano, ukiitazama kwa mbali utasema hakuna anayeshuka, ila siku wakikosekana wa kupanda ndo unaiona inaisha watu. Naftalini kwenye kopo lililofungwa vizuri iko hivyo hivyo, zinatoka na kurudi kwa idadi sawa, haipungui. Ile presha ambayo gesi yake inafikia hapo, wakati zinazotoka na zinazorudi zimelingana, inaitwa presha ya mvuke, na hii ndo namba ya kuishika kichwani maana kila kitu kinachofuata kinaizunguka hiyo.

Naftalini kwenye nyuzi 25 presha yake ya mvuke ni kama paskali 11 (paskali ni kipimo cha presha). Hewa ya kawaida usawa wa bahari ni kama paskali 101,000. Yaani ni kidogo kweli kweli, lakini inatosha, kwa sababu kabati siyo kopo, lina nyufa, linafunguliwa, hewa inatoka na gesi inatoka nayo na nyingine inachukua nafasi. Na joto linaharakisha sana, kutoka nyuzi 25 kwenda 35 ile presha inapanda zaidi ya mara mbili, kwa hiyo mtu wa Dar au Mombasa zinamuishia mapema kuliko mtu wa Njombe. Wale wanaozitupia nje kuzunguka nyumba wakitegemea zitafukuza nyoka wanapoteza hela, uwanjani gesi inachukuliwa na upepo kabla haijakusanyika hata kidogo.

Sasa swali la pili, na hili ndo linalotenganisha naftalini na barafu kavu. Ukipasha kitu kigumu, mambo mawili yanakimbizana. La kwanza, kinaelekea kwenye joto lake la kuyeyuka. La pili, presha yake ya mvuke inapanda kuelekea presha ya hewa iliyokizunguka. Kipi kitafika kwanza?

Kwa barafu ya maji jibu unalijua. Inafika nyuzi 0, inayeyuka, na wakati huo presha yake ya mvuke ni paskali 611 tu, bado iko mbali sana na ile 101,000. Naftalini inayeyuka kwenye nyuzi 80, na hapo presha yake ya mvuke ni kama paskali 1,000. Kwa hiyo ukiiweka naftalini kwenye chombo ukaipasha (usifanye jikoni kwako, ule mvuke siyo mzuri na unashika moto) inayeyuka kabisa na kuwa kimiminika kama mshumaa, na inachemka kwenye nyuzi 218. Kabatini haiyeyuki kwa sababu kabati halifiki nyuzi 80, siyo kwa sababu haiwezi.

Ayodini nayo ni hivyo. Inayeyuka kwenye nyuzi 114 hivi, inachemka kwenye 184. Kinachotudanganya maabara ni kwamba presha yake ya mvuke iko juu, ukifika kwenye kuyeyuka ni kama paskali 12,000, na mvuke wake una rangi ya zambarau kali, kwa hiyo kabla hujaona kitu kingine chumba kimeshapendeza zambarau na mwalimu ameshasema mnaona, imeruka hatua. Lakini ukipasha vizuri kwenye bomba la kioo unaiona kabisa imetulia chini, kimiminika cheusi cheusi.

Barafu kavu ndo ya tofauti. Hii ni kaboni dioksaidi iliyoganda. Joto lake la kuyeyuka ni kama hasi 57, lakini likifika hasi 78.5 tu presha yake ya mvuke tayari imelingana na hewa ya kawaida. Umeona hapo? Presha imefika kwanza, kuyeyuka bado nyuzi 20 na kitu mbele. Kuanzia hapo joto lolote unaloipa linaenda kwenye kuigeuza gesi, haipandi tena, haifiki kamwe kwenye hasi 57, na inatoka gesi kwa fujo. Ili uione ikiwa kimiminika lazima uibane, uiwekee presha ya zaidi ya mara 5 ya hewa ya kawaida. Kwenye mtungi wa zimamoto wa kaboni dioksaidi imebanwa kama mara 57 kwenye joto la chumba, ndo maana ukiutikisa unasikia majimaji yanacheza ndani. Ukifungua, kile kimiminika kinakosa presha ya kukishikilia, sehemu yake inakuwa gesi ghafla na inajinyang'anya joto, sehemu nyingine inatoka kwenye ile koni ikiwa theluji nyeupe. Mfaransa Charles Thilorier aliliona hilo hilo mwaka 1835, alifungua chombo cha kaboni dioksaidi ya kimiminika akitarajia kimiminika, akapata unga mweupe wa baridi kali.

Kwa hiyo vitu ambavyo kweli haviwezi kuyeyuka kwenye hewa ya kawaida ni vichache. Mfano ni barafu kavu, kaboni yenyewe (grafaiti inahitaji presha kama mara 100 ndo iyeyuke, bila hivyo inaruka kwenye nyuzi zaidi ya 3,600), na arseniki ambayo inaruka kwenye nyuzi 615. Vingine vingi kwenye orodha ya shule vinavuja tu, molekuli moja moja kutoka kwenye uso. Na amoniamu kloraidi wala isingetakiwa kuwa kwenye orodha, ile ukiipasha inavunjika kuwa gesi mbili tofauti, amonia na haidrojeni kloraidi, zikifika sehemu ya baridi juu ya bomba zinaungana tena na kuwa unga mweupe. Kwa macho utasema imepaa ikashuka, lakini kemikali ilibomolewa na kujengwa upya. Mtihani ukiuliza andika walichokufundisha, ila kichwani ujue.

Nirudi kidogo kwa naftalini maana kuna jambo linanisumbua sana na watu hawalijui. Gesi ile haibaki kabatini, inaingia kwenye nyuzi za nguo, na nguo ikivaliwa inatoka na kuvutwa puani na kupita kwenye ngozi. Kwa mtu mzima mwenye afya kiasi kidogo hakileti shida kubwa. Lakini kuna watu wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, na upungufu huu uko zaidi kwenye jamii zilizoishi na malaria vizazi na vizazi, pwani yetu ikiwemo, na unawapata zaidi wanaume. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivalishwa nguo au akifunikwa blanketi lililokaa na naftalini, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka kwa wingi, anakuwa wa manjano, damu inapungua, na ile manjano ikizidi inaharibu ubongo. Ni jambo la kweli, madaktari wameliandika kwa miaka mingi, na Umoja wa Ulaya uliondoa naftalini za nguo sokoni mwaka 2008. Kwa hiyo zile nguo za mtoto mkubwa ambazo mama amezihifadhi vizuri na naftalini zimsubiri mdogo wake, ndo hizo hizo za hatari. Nguo za mtoto zihifadhi bila naftalini kabisa. Kama mtoto amekuwa wa manjano na alivalishwa nguo hizo, mwambie daktari hilo jambo, usilidharau.

Na barafu kavu ina hatari yake, ya aina nyingine. Kilo 1 inatoa zaidi ya lita 500 za gesi. Ukiifungia kwenye chupa inapasuka kama bomu, ukiipakia nyingi kwenye gari lililofungwa vioo gesi inajaa na kumkaba dereva, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inakaa chini, kwa hiyo pale ukumbini watoto wanaolala lala kwenye lile wingu la harusi waondolewe. Kuishika kwa mkono mtupu inaunguza ngozi kama moto.

Sasa barafu ya kawaida, hii ndo inanifurahisha kuliko zote. Tumesema inayeyuka kwenye 0, lakini chini ya 0 haijalala, inavuja kama naftalini. Kwenye friza la hasi 18 presha yake ya mvuke ni kama paskali 125, yaani ni kubwa mara 10 na zaidi kuliko ya naftalini kabatini. Ndo sababu vipande vya barafu vikisahaulika kwenye friza vinakonda, na nyama ambayo haikufungwa vizuri inapata mabaka makavu ya kijivu pembeni, pale maji yake yametoka moja kwa moja kuwa mvuke yakaenda kuganda kwenye ukuta wa friza. Ule ukoko wa barafu unaokwangua friza likizidi, sehemu yake ilitoka kwenye nyama. Funga nyama ikabane na mfuko, hewa isibaki, huo mvuke unakosa pa kwenda. Na safari ya kurudi, mvuke kuwa ugumu moja kwa moja, ndo sakitu inayounguza chai Kericho na viazi Njombe asubuhi za baridi.

Kilimanjaro ni friza kubwa lisilofungwa. Kule juu Kibo, mita 5,895, wastani wa joto kwa mwaka ni kama hasi 7, hewa ni kavu mno na jua ni kali. Wengi wanaeleza kwamba barafu ya kule inaruka kuwa mvuke kwa sababu presha ya hewa ni ndogo, na hapo wanachanganya. Presha kule ni kama nusu ya huku chini, paskali 50,000 hivi, bado ni mara 80 ya ile 611, kwa hiyo barafu ikifika nyuzi 0 pale kileleni inayeyuka kama kawaida na kutiririka. Kinachofanya ivuje ni ukavu. Mvuke unatoka kwenye barafu na hewa iliyopo haina mvuke wa kurudisha, daladala inashusha tu. (Mars ndo kwenye presha ndogo kweli, inacheza karibu na paskali 600, pale barafu ya maji haina nafasi ya maana ya kuwa majimaji.)

Na kuna hesabu moja inabadilisha namna ya kuutazama ule mlima. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunahitaji kilojuli 334. Kuigeuza mvuke moja kwa moja kunahitaji kama 2,830, maana unalipia kuyeyusha na kuvukiza kwa pamoja. Mara 8 na nusu. Kwa hiyo jua lile lile, kwa siku moja, likiigeuza barafu kuwa mvuke linaondoa kidogo sana kuliko likiiyeyusha. Ile hali ya kuvuja ni kama imeitunza barafu ya Kilimanjaro, inapotea kwa taabu. Lakini inapotea. Mwaka 1912 ilikuwa inafunika kama kilomita za mraba 12, mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1800 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikauka, theluji mpya ikapungua, na theluji mpya ndo inayorudisha jua lilipotoka, ikikosekana jua linaingia kwenye barafu kuukuu iliyo nyeusi nyeusi na kuila kuanzia kwenye zile kuta zake zilizosimama wima.

Kuna watu wakishasikia neno sablimesheni wanaruka mpaka kusema basi joto la dunia halihusiki. Hapana. Mvua na theluji za huku zinategemea joto la Bahari ya Hindi, na timu ya Lonnie Thompson iliyochoronga barafu ile mwaka 2000 iliona dalili za kuyeyuka kwenye tabaka za juu. Vitu vyote viwili viko kazini, kukauka na kupata joto, na pale ambapo barafu imeanza kufika 0 ndo inapotea haraka zaidi, kwa hesabu hiyo hiyo ya mara 8. UNESCO mwaka 2022 ilisema barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imeisha ifikapo 2050. Maji ya mito ya kule kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye mvua ya msitu siyo kwenye barafu, kwa hiyo mji wa Moshi hautakauka siku barafu ikiisha, msitu ukiisha ndo kazi.

Kitu hiki hiki tunakitumia kwa makusudi. Balbu za zamani zile za waya, kioo kinakuwa cheusi ndani kwa sababu waya wa tangsteni unavuja ukiwa na nyuzi 2,500 hivi, ndo wakaweka gesi ya agoni ndani, atomu zinazotoka zigongane nayo na nyingine zirudi, waya udumu. Na chanjo. Chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) anayopewa mtoto akizaliwa, na ya surua, zinakuja zikiwa unga. Kiwandani wanazigandisha kwanza, halafu wanavuta hewa mpaka presha ishuke chini ya ile 611, pale maji hayana ruhusa ya kuwa majimaji, wanapasha kidogo kidogo na barafu inaondoka yote kuwa mvuke, kinabaki kijikeki kikavu ambacho vijidudu vyake dhaifu bado viko hai. Wangeikausha kwa moto vingekufa. Nesi anapochanganya na kile kimiminika chake cha baridi anarudisha maji yaliyoondolewa, na kuanzia hapo saa 6 zinaanza kuhesabika, zikiisha kilichobaki kinamwagwa. Kichupa kimoja kina dozi za watoto wengi, kwa hiyo mama akiambiwa kliniki arudi siku fulani ya BCG badala ya kuchomewa mtoto wake pale pale, mara nyingi wanasubiri watoto wa kutosha wakusanyike ndo kichupa kifunguliwe.